Vaibreta ya umeme au ya upepo kwenye silo?

Unga, saruji au chokaa ikikwama juu ya mdomo wa kutolea wa silo (tangi refu la kuhifadhia), watu hukimbilia nyundo. Nyundo hubonyeza bati, na kila bonyeo huwa mahali papya pa mzigo kung'ang'ania. Kazi hiyo ni ya vaibreta, kifaa kinachotikisa silo ili mzigo ushuke.

Vaibreta ya umeme ni mota yenye vyuma vizito vilivyoegemea upande mmoja wa shafti. Ya poli 2 (yaani ncha 2 za sumaku ndani ya mota) kwenye umeme wa 50 Hz huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Ya poli 4, karibu 1,500. Hula umeme kidogo, ndiyo maana mimi huichagua kwa kazi ya kutwa.

Ya upepo hutegemea kompresa, na hewa hiyo ni ghali. Lakini nguvu yake hurekebishwa kwa valvu tu, na haihitaji kupelekewa umeme pale ilipofungwa. Penye vumbi linaloweza kulipuka, kama la nafaka au sukari, ningeanzia hapo. Ya upepo yenye pistoni hufaa vitu vinavyonata ukutani.

Yoyote utakayochukua, ifunge kwenye chuma cha kuimarisha kilichochomelewa chini kwenye koni (sehemu ya chini ya silo inayopungua upana), na usiiwashe kamwe mlango wa kutolea ukiwa umefungwa: mzigo utashindiliwa ugande zaidi.