Nadharia ya CPL au ya ATPL kwa anayetaka kufundisha urubani tu? Nimezilipia zote mbili, maoni yangu haya hapa

Wakuu habari za siku. Juzi kuna dogo kanipigia kutoka Hamburg, ana PPL yake tayari (leseni ya rubani binafsi), anataka awe instrakta, na swali lake ni lilelile lililoninyima usingizi mimi mwaka 2021, asome nadharia ipi, ya CPL (leseni ya rubani wa biashara) au ya ATPL (ile kubwa ya marubani wa mashirika ya ndege). Tumeongea karibu saa nzima nikaona bora niandike mara moja nimalize, maana hizi kozi mbili za onlaini nimezilipia zote kwa hela yangu ya jasho na moja nikaitupa njiani. Shule zenyewe sizitaji majina, sitaki kesi.

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi umeme, niko huku Ujerumani miaka mingi na kuruka kwangu ni kwa wikiendi tu. Klabu yetu ina Cessna 172 moja na kiwanja cha nyasi, na walimu wote ni wanachama wenzetu wanaofundisha kwa kujitolea, karibu wote mvi tupu. Mzee mmoja aliposema macho hayamruhusu tena, kikao kizima kikanigeukia mimi. Nina miaka 44, navaa miwani, mambo ya kuendesha Airbus nilishayaacha zamani, naomba mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui: kwa kanuni za EASA (wakala wa usalama wa anga wa Ulaya), kufundisha PPL hakukulazimu uwe na leseni yenyewe ya CPL. Unabaki na PPL yako, ila uwe umefaulu nadharia ya kiwango cha CPL, uwe na saa 200 hewani na kati ya hizo 150 uwe wewe ndio kapteni wa ndege, halafu ndio unaingia kozi ya uinstrakta. Medikali (cheti cha afya) ya daraja la 2 inatosha, na hata kulipwa unaruhusiwa kwa kumfundisha mtu wa PPL au LAPL (leseni ndogo ya ndege nyepesi). Mimi nilikaa miaka miwili nikidhani mpaka niwe rubani wa biashara kamili, yaani miaka miwili bure.

Ipo na njia ya mkato, ukitaka kufundisha LAPL peke yake nadharia ya CPL hudaiwi. Ila klabuni kwetu wanafunzi wengi wanakuja kutafuta PPL, ningekuwa nakaa kwenye benchi nawaangalia wenzangu wakiruka, kwahiyo hiyo sikuifikiria mara mbili.

Basi nikapiga simu shule ya kwanza. Jamaa wa mauzo ana maneno matamu huyo! Akaniambia kaka piga ATPL tu, inabeba kila kitu, CPL imo ndani, ukija kutaka IR (ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje) imo ndani, unamaliza mara moja. Na hakusema uongo kabisa, ukifaulu ya ATPL huulizwi tena ya CPL. Alichonyamazia ni saa. Kozi ya ATPL kwa mtu wa kujiunga vipandevipande kama mimi ni saa 650, ya CPL ni 250, na masomo ni 13 huku na 13 kule, yaani ukiangalia orodha tu unaona zinafanana unasema si bora nichukue kubwa. Na hata ukisoma onlaini lazima asilimia 10 ya hizo saa ukae darasani kimwili, piga hesabu mwenyewe, ni saa 65 dhidi ya 25. Kwa mtu mwenye bosi na watoto hiyo tofauti ndio likizo yako ya mwaka inayeyuka hivyo.

Nilikaa ATPL miezi saba. Kozi yenyewe ni nzuri, nisiwaonee, video safi, walimu wanajibu meseji siku hiyohiyo, benki ya maswali kubwa mpaka inatisha. Tatizo ni mimi natoka shifti saa nne usiku nakaa mezani kukokotoa ndege ya jeti ya tani 60 injini moja ikizimika ikiwa inakimbia kwenye lami, spidi ipi ya kukata na ipi ya kuendelea, wakati Jumamosi naenda kurusha kandege ka watu wanne kwenye majani. Mara hewa inavyobanana kwenye bawa ukikaribia kasi ya sauti, mara ramani za kuruka kwenye ncha ya dunia huko ambako hata dubu wanajuta.

Sehemu moja tu niliifurahia mpaka leo, ile ya hali ya hewa ya dunia nzima, ukanda wa mvua unaohama kulifuata jua na zile pepo za msimu za bahari ya Hindi. Nikajikuta nacheka peke yangu usiku, kumbe ni kaskazi na kusi zile za babu, sisi tumezijua tangu utotoni kwa kuangalia ngalawa zinaelekea wapi, hapa nazilipia kwa Euro nizisome kwa mishale na namba. Kwenye CPL sikuikuta kwa upana ule na kwakweli nilisikitika.

Mwezi wa nane wa kozi nikaacha. Kuomba hela irudi ndio ikawa sinema, wakasema mkataba ni mkataba, nikaambulia punguzo la kozi nyingine kwao, nikakataa nikahamia shule ya pili kusoma CPL, bei karibu nusu ya ile ya kwanza.

Na huko nako siwapaki mafuta. Wanaosoma CPL peke yake ni wachache na shule inakufanya ulijue hilo, vitabu ni vilevile vya ATPL vimebandikwa alama kwamba ukurasa huu ruka, ukurasa huu soma, na kuna sehemu alama imekosewa nikasoma sura nzima isiyonihusu. Benki ya maswali ndio balaa, imechanganya ya ATPL humohumo, unakosa swali unajiona mjinga kumbe halikuwa lako. Ukichukua njia hii muulize mtu wa shule kabla hujalipa, maswali ya CPL mmeyatenga au mmeyamwaga pamoja, akianza kuzungukazunguka jibu unalo.

Ila kusoma kulisomeka. Nilimaliza, nikaenda Braunschweig kwenye mitihani, pasi ni asilimia 75 kila somo, una miezi 18 tangu ulipoanza mitihani na kila karatasi una nafasi nne. Mimi somo la vyombo vya kupimia vya ndani ya ndege nilipata 71 nikarudia, mengine yakapita. Kwenye urambazaji, somo la kutafuta njia angani, ile CRP-5 iliniokoa, kile kikokotoo cha duara cha kuzungusha kwa mkono, haina betri haina masihara, ukishaizoea upepo unaupata haraka kuliko mwenye kalkuleta. Hiyo naipa nyota tano bila kujiuliza.

Kozi ya uinstrakta ndio iliyonionyesha kipi nilikihitaji. Ni saa 25 za jinsi ya kufundisha, saa 100 za kupitia nadharia upya ukiwa wewe unayeieleza, na saa 30 za kuruka. Pale ubaoni hakuna aliyeniuliza habari ya jeti. Niliulizwa kwanini ndege inastoli (bawa linaacha kuibeba), na ukijibu spidi imeisha unarudishwa ukakae, ni pembe ya bawa na upepo ndio imezidi, inaweza kukukuta hata ukiwa unakimbia. Hilo la pembe, hali ya hewa, na somo la mwili na akili ya rubani ndio mkate wangu kila Jumamosi, na yote nimeyatoa kwenye CPL.

Kwahiyo nyota zangu: ATPL nne, kozi nzuri aliyeuziwa siye. CPL tatu na nusu, kozi ya kiyatima lakini imenifikisha. Kama una miaka 22 na ndoto ya ndege za abiria bado inawaka usinisikilize, piga ATPL, maana ukianza na CPL halafu ukabadili mawazo utarudi mezani upya. Na ukiisoma CPL ukiwa na wazo la kuja kuchukua leseni yenyewe, angalia kalenda, matokeo yanahesabika miezi 36 tu kwa kazi hiyo. Na kanuni zisome mwenyewe kabla ya kutoa hela, hapa nimeongelea Ulaya, ukiwa Marekani kwa mfano lazima uwe na leseni ya biashara na IR kwanza ndio ufundishe.

Dogo wa Hamburg ana miaka 31 na bado anazungukazunguka, amesema ataniambia wiki ijayo. Vitabu vyangu vya ATPL vipo kwenye boksi chini ya ngazi, yeyote aliye karibu na Hannover aje avichukue bure, ila aje na gari, kwa treni hatatoboa.