Kadi za Historia za Sheria ya 1882: Kuna Kadi Moja Haimo!

Karibuni tena, watazamaji wangu. Mmeniuliza sana kwenye maoni kama kasha hili la kadi linafaa kununuliwa, basi ndilo hili. Kadi 40 za kuchezea zinazoeleza Marekani ilivyowafungia mlango vibarua wa Kichina mwaka 1882. Karatasi na maandishi mmeshaviona siku nilipolifungua, sivirudii. Leo nina neno na kadi namba 12.

Naisogeza kwenye kamera. Mbele: "Kwa nini walizuiwa?" Nageuza nyuma: "Walikubali mishahara midogo." Basi! Jamani, hii imeniudhi, maana mtoto akicheza ataondoka na hilo hilo. Walikubali lini? Juni 1867, Wachina waliokuwa wakichimba mahandaki ya reli ya Central Pacific, kwenye milima ya Sierra Nevada, waligoma kwa maelfu. Wazungu kampuni iliwalisha juu ya mshahara; wao walijinunulia chakula. Walidai malipo sawa na ya wazungu, na saa za kazi zipunguzwe. Charles Crocker, msimamizi mkuu wa ujenzi, akazuia chakula kisiwafikie kule juu. Kama wiki moja hivi, njaa ikawarudisha kazini. Kadi zote 40 nimezipekua mara mbili. Mgomo huo haumo.

Ngoja nizipange mezani zilizomo, mwone wenyewe. 1850, California inawatoza wachimbaji dhahabu wa kigeni dola 20 kwa mwezi. Reli bado, mdororo bado, chuki tayari. 1854, Mahakama ya Juu ya California inasema ushahidi wa Mchina dhidi ya mzungu haupokelewi. Hapo mshahara unaingiaje? 1869 reli inakamilika, maelfu wanatafuta kazi nyingine. 1873 uchumi unaporomoka. 1877, San Francisco, kiongozi wa wafanyakazi Denis Kearney anawahutubia wasio na ajira: Wachina lazima waondoke! Matajiri wa reli pia Kearney aliwatukana, lakini matajiri walikuwa na nguvu. Mchina hata uraia alinyimwa, kwa hiyo kura hana. Nani atamtetea?

Na hii sasa, namba 27, naipenda mno. Shikeni hapo. Oktoba 1880, siku chache kabla ya uchaguzi, gazeti la New York linachapisha barua eti ya mgombea urais James Garfield, anaunga mkono vibarua wa Kichina. Ni ya kughushi! Kadi ina nakala ya barua upande huu, ukigeuza unapata matokeo: urais aliupata, California akashindwa kwa kura zisizofika 200. Kila chama kilikuwa kinaiwinda California. Wachina nchi nzima walikuwa kama 105,000 kati ya watu milioni 50, wawili katika kila elfu, lakini wengi walikuwa California. Miezi 19 baadaye, Rais Chester Arthur, aliyeshika kiti baada ya Garfield kuuawa 1881 na ambaye alikuwa amekataa muswada wa kuwazuia vibarua wa Kichina kwa miaka 20, anasaini wa miaka 10: ndiyo sheria yenyewe ya 1882. Marufuku hiyo ilikuja kufutwa 1943, China ikiwa mshirika wa Marekani vitani.

Kwa kadi hii, nakiri hasira imepungua. Ile seti nyingine niliyoionyesha mwezi uliopita inaanzia 1882 moja kwa moja, kama sheria imedondoka mbinguni. Ila ina Kanada, na kodi yake ya kichwa kwa kila Mchina aliyeingia nchini: dola 50 mwaka 1885, dola 500 mwaka 1903. Hii haina.

 

Bei, nimelipa shilingi 45,000. Ingekuwa 35,000 ningesema nunua leo. Mwalimu wa sekondari nunua tu, kwa ajili ya namba 27. Wengine subirini ishuke.

Namba 12 nimeitoa. Mahali pake nimekata kadi nyingine, nimeandika kwa mkono: "Juni 1867, waligoma." Naiweka hapa, kabla ya reli kukamilika.