Uzoefu wangu: shule ya msingi ya kijijini kwetu Chamwino, watoto wawili, matokeo mawili

Nawaandikia wazazi, hasa watumishi wanaohamishiwa vijijini huku Dodoma na kuuliza kila mara kama waje na mtoto au wamuache mjini kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza. Jina la shule sitaliweka. Ni ya serikali, iko wilaya ya Chamwino, mbali na lami, ina wanafunzi karibu mia tano na walimu saba. Watoto wangu wawili wamepita hapo. Wa kwanza alimaliza la saba 2019, mdogo wake wa kike aliingia la kwanza 2022 na bado yupo. Shule ni ileile, lakini ukiwasikiliza wakisoma utadhani walisoma mikoa tofauti.

Kaka mtu alimaliza akisoma kwa kubabaiza. Mwandiko wake mzuri, maana kunakili ubaoni alikuwa hodari, ila ukimfungulia ukurasa asioujua anaanza kukutazama usoni. Enzi zile shule ilikuwa na desturi ambayo naamini shule nyingi bado wanayo: mwalimu anayejua kazi anapelekwa la saba kwa sababu ya mtihani wa taifa, anayemfuatia anapewa la nne kwa sababu ya upimaji, na la kwanza anaachiwa aliyebaki. Wakati mwingine ni yule aliyekorofishana na ofisi. Watoto zaidi ya themanini, na mwalimu ambaye hakupenda kuwa pale.

Mwalimu mkuu aliyekuja baadaye akamtoa mwalimu wa hisabati wa la saba, mama ambaye kijiji kizima tunamwita Madamu tu, akamshusha la kwanza. Kikao cha wazazi kilichafuka. Mzee mmoja akauliza kama kuna mtu mwenye akili anayepeleka maksai kulima bustani ya mchicha. Mkuu akajibu kwa upole kwamba la saba hawafeli hesabu kwa kutojua kujumlisha, wanafeli kwa sababu hawaelewi swali limeandikwa nini. Wengi waliondoka wananuna.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa lile, kwenye dawati ambalo magoti ya mtu mzima hayaingii. Watoto wengi wa huku wanafika shule na Kigogo cha nyumbani, Kiswahili wanakijua cha kuagiza sukari dukani. Madamu alikuwa amekata maboksi ya sabuni, kaandika herufi na kuzitundika kwenye kamba ya katani ukutani. Hafundishi jina la herufi, anafundisha sauti yake: midomo inafungwa, "mmm", kisha "a", ndipo inakuja "ma". Kwa kweli hilo si jipya, mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) wa 2015 ulitaka hivyohivyo. Tofauti ni kuwa na mtu anayelifanya kila siku. Akainuka mtoto mmoja, akasoma kwa sauti kubwa "mama analima" huku kidole chake kiko kwenye sentensi nyingine kabisa. Alikuwa amekariri kutokana na picha. Madamu hakumkemea. Aliifunika picha kwa kiganja, akasema, "Haya mwanangu, soma tena." Kimya. Wakaanza upya herufi kwa herufi, darasa zima likisubiri, mpaka ikatoka.

Binti yangu alipofika la pili alikuwa anamsomea bibi yake meseji za M-Pesa na kumtajia salio, jambo ambalo bibi hakulifurahia sana.

Jambo la pili lililobadilika ni uji. Hapa Ugogoni mtoto anaamka, anakunywa maji, anatembea mpaka shuleni, na kufika saa nne macho yamelegea. Kamati ya shule ilikubaliana na wazazi kwamba baada ya mavuno kila kaya ichangie mtama au uwele, na shule ikalima shamba lake la alizeti kwa ajili ya kununulia sukari. Mwanzoni waliochangia tu ndio watoto wao walikunywa. Hilo lilinikera, maana wa kufungiwa kikombe ni mtoto, asiyechangia ni baba yake. Baadaye mkuu aliukomesha mtindo huo, akasema elimu bila malipo tangu 2016 haikubali mtoto abaguliwe kwa mchango, na sasa wanakunywa wote. Mahudhurio yamepanda, isipokuwa uwele unapokomaa. Kipindi hicho kwelea kwelea wanashuka kama wameitwa, na watoto wanabaki shambani kuamia ndege. Mwenyekiti wa kijiji amejaribu kutoza faini, lakini njaa haina faini. Angalau siku hizi wadogo wanaruhusiwa kwenda shambani baada ya vipindi vya asubuhi badala ya kukosa siku nzima.

Hela nazo sasa zinaonekana. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na si yote inayofika, sehemu hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika inaandikwa kwenye karatasi nje ya ofisi: chaki kiasi gani, kitasa kiasi gani. Tangu karatasi hiyo ibandikwe, maneno ya "wanakula hela" yamepungua sana vilabuni.

Madarasa mawili mapya tumejengewa na serikali, ni mazuri, sina la kuongeza.

Kasoro zipo. Vyoo ni aibu. Kiwango kinataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na sisi hatujafika hata nusu yake. Wasichana wakubwa wanapoteza vipindi kwa hilo. Walimu saba kwa watoto mia tano, wakati uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Nyumba za walimu ni mbili, na mvua ikinyesha kali korongo linajaa, anayeishi ng'ambo hafiki. Kiingereza ni dhaifu, usidanganywe: mtoto wangu anasoma neno la Kiingereza vizuri na hajui maana yake. Na ile michango ya mitihani ya majaribio "ya hiari" ina namna ya kuwa lazima likikaribia la saba.

Nyota natoa tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa ya 2019 ningetoa moja, na hiyo kwa ajili ya mibuyu yenye kivuli.

Wenye watoto wa umri wa binti yangu mjue pia kwamba walioanza la tatu 2024 na mtaala mpya watamalizia la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa la saba wa mtaala wa zamani. Nafasi za kidato cha kwanza zitagombewa na madarasa mawili kwa mpigo, kwa hiyo msingi mbovu hautakuwa na pa kujificha.

Ukitaka kuipima shule yoyote ya huku kabla ya kuhamisha mtoto, usiende siku ya kikao, siku hiyo hata uwanja unafagiwa mara mbili. Nenda siku ya kawaida saa nne, tazama kama moshi wa jikoni unatoka. Matokeo ya upimaji yapo kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, fungua shule husika uone la nne wanafanyaje, usiishie la saba. Kisha omba uingie la kwanza, chagua mtoto wa dawati la nyuma, mfungulie ukurasa usio na picha. Sisi huku wasiwasi wetu sasa ni mmoja: tetesi zinasema Madamu ameomba uhamisho kumfuata mumewe Singida, na la kwanza la mwaka ujao bado halijapangiwa mtu.