Uzoefu wangu na jeli ya kusafishia kibodi kwa hali ya hewa ya Mtwara

Jeli ile inayonatanata, inayouzwa kwenye vikopo vidogo kwenye maduka ya vifaa vya simu, nimeitumia kwenye laptopi hapa Shangani, ambako upepo wa bahari unaingia ndani mchana kutwa. Maoni yangu ni kwamba inafaa kwa kazi moja tu: kuokota vumbi kavu lililolala juu ya vitufe. Ibonyeze polepole, ivute mara moja, basi. Ukiikandamiza izame katikati ya vitufe wakati wa joto la kaskazi, inalegea, inakatika, na vipande vyake vinabaki chini kabisa. Mahali palipokuwa na vumbi sasa pana gundi. Ikibadilika rangi au ikianza kuacha utelezi vidoleni, itupe. Kuiosha kwa maji kunaiharibu zaidi.

Lakini hata ikitumiwa vizuri, jeli haigusi uchafu wenyewe wa huku kwetu. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo vumbi la chini ya vitufe hushikana na kuwa utando. Kuna sukari ya chai, inayoita sisimizi hadi ndani ya kibodi. Na kwa wanaobangua korosho nyumbani, mafuta ya ganda hubaki vidoleni na kuhamia kwenye vitufe. Kila kimoja kina dawa yake.

Mimi natumia isopropili, yaani alkoholi ya kusafishia, ya aina mbili. Ya asilimia 99 inayeyusha mafuta na kukauka upesi, ila chumvi na sukari haiziwezi, kwa sababu hizo zinataka maji. Hapo ndipo ile ya asilimia 70 inapofaa: asilimia 30 iliyobaki ni maji, yanatosha kulainisha ukoko. Watu wengi huishia kwenye ile kali wakidhani ni bora kwa kila kitu, kisha wanashangaa kitufe kinaendelea kunata. Anza na 70, malizia na 99 ili unyevu utoke. Sanitaiza ya mikono usiiguse, maana nyingi zina gliserini, nayo haikauki. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni inakula plastiki na kufuta herufi.

Kabla ya kimiminika chochote, zima laptopi kabisa, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Kufunga mfuniko tu hakutoshi, kwani kompyuta inakuwa imelala na umeme bado upo. Inamishe kibodi karibu isimame wima, nyuzi kama 75, upulize kutoka kushoto kwenda kulia kwa kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi za kamera, kisha igeuze upande mwingine urudie. Brashi laini ya rangi, ya inchi 1, inamalizia pembeni. Msimu wa korosho, kwa karani anayefanyia kazi karibu na ghala, hatua hii ya kupuliza ifanyike kila wiki, kabla vumbi la magunia halijashika unyevu.

Kipulizio cha mpira nakipenda kuliko kopo la hewa iliyoshindiliwa. Kopo likiinamishwa linatema kimiminika baridi sana, na kwenye hewa nzito ya pwani kitu kilichopoa ghafla kinatoa umande. Umande ndani ya kibodi ndio hasa tunaoukimbia.

Dondoshea isopropili kwenye kitambaa au kijiti cha pamba, kamwe si kwenye kibodi. Kijiti kikiminywa kisitoe tone. Kitufe kinachonata, zungusha kijiti pembeni yake huku ukikibonyeza mara nyingi, kisha acha nusu saa. Kikigoma, kinaweza kung'olewa kwa kipande chembamba cha plastiki, lakini tafuta kwanza video ya modeli yako hasa, kwa sababu upande wa kuanzia kuinua hutofautiana. Chini yake kuna vimikono viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, na kikivunjika kimoja kitufe hakikai tena. Spesi, Enter na Shift ziache mahali pake: zina kijiti cha chuma kinachopinda kirahisi, na kukirudisha ni kazi ya fundi.

Kava la silikoni linazuia vumbi vizuri, ila livue kabla ya kufunga mfuniko, lisije likagandamiza skrini. Livue pia ukifanya kazi nzito, maana laptopi nyingine hupitisha hewa kwenye kibodi.

Chupa ya asilimia 99 ifungwe mara tu baada ya kumimina. Ikiachwa wazi inanyonya maji ya hewani na nguvu inapungua, na mvuke wake unashika moto, kwa hiyo kazi hii ifanyike dirishani, mbali na jiko.