Siku moja Coimbra, Ureno: anza na saa ya maktaba

Coimbra inatosha siku moja kamili, mradi uipange kuanzia Maktaba ya Joanina, maktaba ya kale ya Chuo Kikuu cha Coimbra. Tiketi yake ina saa ya kuingia. Ukichelewa umeikosa zamu yako, na siku zenye watu wengi zamu nyingine huwa zimejaa. Nunua mtandaoni mapema, chagua zamu ya asubuhi, na mengine yote yafuate hapo.

Treni za kutoka Lisbon na Porto hushusha abiria stesheni ya Coimbra-B, kama kilomita mbili nje ya katikati ya mji. Stesheni ya zamani ya mjini ilifungwa Januari 2025, kwa hiyo ramani za zamani zitakupoteza. Tenga saa nzima kati ya kushuka treni na kuingia maktaba, maana chuo kiko juu kilimani. Kwa miguu, pita tao la Almedina kisha upande ngazi za Quebra Costas, yaani vunja mgongo, na jina limezifaa. Mawe yake yamelainika kwa kukanyagwa. Mvua ikinyesha yanateleza vibaya. Vaa raba zenye soli inayoshika.

Maktaba ilijengwa kati ya 1717 na 1728. Kuta zina unene wa zaidi ya mita mbili, rafu ni za mwaloni ambao wadudu hawaupendi, na ndani wanaishi popo wanaokula wadudu waharibifu wa karatasi. Jioni wafanyakazi hutandika ngozi juu ya meza ili kinyesi cha popo kisiharibu mbao, asubuhi wanazitandua na kusafisha. Ghorofa ya chini lilikuwa gereza la wanafunzi. Meza na gereza, maneno yote mawili tumeyapata kwa Wareno. La pili limetokana na neno lao la kanisa. Ukumbi wa juu wenye dhahabu unapewa dakika chache tu, basi ukiingia inua macho kwenye dari kwanza, ndipo utazame vitabu.

Tiketi hiyohiyo hukuingiza kanisa dogo la São Miguel na ukumbi wa Sala dos Capelos, ambako shahada za uzamivu hutetewa hadi leo. Kengele ya mnara iliyokuwa ikiwaita wanafunzi darasani wanaiita Cabra, mbuzi.

Mchana nenda makumbusho ya Machado de Castro, hatua chache kutoka chuoni. Chini yake kuna mahandaki ya Warumi, mazima kabisa, na kwangu hapo pana thamani kuliko mnara. Jumatatu hufungwa. Ukiteremka, ingia kanisa la Santa Cruz, alikozikwa Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno. Bustani ya mimea ya 1772 ni bure, na vivuli vyake vinafaa sana jua la saa tisa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu ya mpando: mwenye magoti mabovu achukue teksi hadi lango la Porta Férrea, kisha atembee kuteremka tu.