Seti ya shanga za DNA, Tabora: selimundu inaeleweka, ufutaji unapotosha

Seti hii inauzwa katika duka la vifaa vya shule mjini Tabora. Ndani kuna kibao chenye vyumba tisa vya shanga tatutatu, shanga 12 za kila besi (A, T, G, C), kadi za asidi amino 20 na chati ya kodoni 64 (kodoni ni kikundi cha besi tatu).

Kwa selimundu inafaa sana. Panga mwanzo wa jeni ya beta-globini, sehemu ya hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), ukiacha ATG ya kuanzia, ambayo haihesabiwi: GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT. Kwenye kodoni ya sita, toa A uweke T. Kadi ya glutamiki inaondoka, valini inaingia, nyingine hazisogei. Maelezo ya nyuma ya kadi ni sahihi: glutamiki ina chaji, valini hukwepa maji, kwa hiyo hemoglobini ikishaachia oksijeni hunasana kuwa nyuzi ndefu na seli nyekundu hujipinda.

Kijitabu cha seti kinadai kila mutesheni (badiliko la DNA) huleta ugonjwa. Si kweli, na darasani anaweza kuwamo mwenye AS (aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu) anayesoma hayo. Badili GAG iwe GAA: bado ni glutamiki, protini haikuguswa.

Kibao ndicho kinachoharibu somo. Ukifuta ile A ya kodoni ya sita bila kuweka kitu, linabaki tundu, na mwanafunzi anaondoka akiamini imepotea asidi amino moja. Kumbe usomaji wote unasogea: CCT GGG AGA AGT, yaani prolini, glisini, arginini, serini. Mutesheni hiyo ipo kwa watu, na huleta thalasemia ya beta, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Weka kibao kando, tumia uzi. Endeleza GCC GTT ACT GCC CTG TGG GGC AAG GTG AAC, zifike kodoni 19. Futa A, sukuma shanga zigusane, kisha hesabu tatutatu upya: kodoni ya 18 inakuwa TGA, yaani simama. Protini inakatikia asidi amino ya 17 badala ya 146. Uzi huo unataka G 19, C 14, T 13 na A 11, hivyo za boksi hazitoshi. Ongeza shanga za sokoni za rangi zilezile, na T moja ya ziada kwa ajili ya selimundu.

Chati imeandikwa kwa U, herufi ya RNA inayoshika nafasi ya T, lakini shanga ni T. Kabla ya kipindi, andika T kwa penseli pembeni ya kila U, la sivyo darasa litakwama kwenye GTG.