Kabla ya Kufungua Boneti, Tazama Uvungu: Mwongozo wa Kununua 4x4 Iliyotumika kwa Wakazi wa Malindi

Malalamiko yanayonifikia kutoka Malindi, Watamu na Mambrui kuhusu magari ya 4x4 yaliyonunuliwa yakiwa yametumika yana sura moja: injini ni nzima, giaboksi haina neno, rangi inang'aa, lakini kabla ya mwaka wa pili kwisha fundi analala chini ya gari na kutoka na habari kwamba chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, imeliwa. Mwalimu mmoja wa upande wa Magarini aliniita gereji nikaione Prado yake kwa macho yangu. Fundi alikuwa ameipandisha kwa jeki, akagonga kwa nyundo ndogo mhimili wa chasisi ulio juu ya ekseli ya nyuma, na badala ya mlio wa chuma tukasikia kishindo kizito kisicho na mwangwi. Alipoweka ncha ya bisibisi na kuisukuma kwa mkono mmoja, ilipenya mpaka kwenye mpini, na maganda ya kutu yakamwagika sakafuni tabaka kwa tabaka. Gari hilo halikuwa limetimiza miaka miwili hapa Pwani, na hewa ya bahari peke yake haili chuma kinene namna ile kwa muda mfupi kiasi hicho. Lilifika likiwa limekwisha kuanza kuoza, na lililianza hilo katika nchi ya theluji.

Theluji yenyewe haina ubaya mkubwa kwa chuma. Ubaya uko katika kile kinachomwagwa barabarani ili kuiyeyusha. Huko Japani, katika Hokkaido, Tohoku, na mikoa kama Niigata na Toyama inayoelekea Bahari ya Japani, barabara humwagiwa chumvi ya kawaida na kloridi ya kalsiamu wakati wa baridi, kwa sababu maji yenye chumvi huchelewa kuganda. Uingereza nayo hutumia chumvi ya mawe kwa kazi hiyo hiyo. Magurudumu huyarusha maji hayo chini ya gari, yakaingia ndani ya chasisi kupitia matundu yaliyowekwa na kiwanda kwa ajili ya kutolea maji, na humo hubaki pamoja na tope. Kloridi ya kalsiamu ina tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, hivyo chuma hakikauki hata baada ya theluji kwisha. Baridi ya huko huipunguza kasi kutu, na ndiyo maana gari linaweza kuteremshwa Kilindini likiwa linaonekana zima. Likishakutana na joto la Malindi, unyevu wake na upepo wa chumvi, kutu iliyokuwa ikienda polepole hushika mbio. Sisi tunaoishi jirani na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni tunayaona malori yanayobeba magunia kutoka huko yalivyo upande wa chini, kwa hiyo jambo hili halipaswi kumshangaza mtu wa hapa.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, ulaji wa mafuta, wala ngozi ya viti. Wanaoyaeleza hayo ni wengi. Injini iliyokufa hubadilishwa, na Mombasa haikosi injini za mitumba, giaboksi kadhalika. Chasisi ndiyo inayobeba namba iliyoandikwa katika logibuku, ndiyo inayoshikilia springi, ekseli, usukani na bodi, na ikishaoza viraka vya kuchomelea hushika kwenye chuma kilichobaki, ambacho nacho kinaendelea kuliwa pembeni mwa kiraka.

Swali la kwanza kumuuliza muuzaji, basi, ni gari hili lilipitisha wapi majira yake ya baridi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na wengi huagiza yaliyokaribia kikomo hicho kwa sababu ni nafuu, maana yake gari limekwisha kuonja baridi kadhaa. Kama lilitoka mnadani Japani, dai karatasi ya mnada na usome mchoro wa gari uliomo: herufi S huonyesha kutu, herufi C huonyesha chuma kilicholiwa, na mkaguzi akiikuta kutu ya uvungu huiandika kwa maneno ya Kijapani yasomekayo shitamawari sabi. Angalia pia mnada ulifanyika wapi. Sapporo, ulio mji wa Hokkaido, au Niigata ni onyo. Nagoya au Kyushu, kwenye baridi nafuu, inatuliza moyo kidogo, ingawa gari huweza kusafirishwa kutoka Kaskazini likauzwe kwingine. Kama lilitoka Uingereza una bahati zaidi, kwa kuwa huko kila gari lililotimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka na matokeo huwekwa wazi kwenye tovuti ya serikali. Ukiwa na namba yake ya usajili ya kule utasoma bila malipo yote ambayo wakaguzi waliandika kuhusu kutu, hata katika miaka ambayo gari lilifaulu.

Karatasi zikikosekana, gari lenyewe husema. Magari ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa ajili ya mikoa ya baridi mara nyingi huwa na nyaya nyembamba za kupasha joto chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala, pamoja na betri kubwa kuliko kawaida na taa nyekundu ya ukungu upande wa nyuma. Si ushahidi kamili, kwani miundo mingine huja na nyaya hizo popote inapouzwa, lakini ukiziona shuka chini. Kutu ya hewa ya bahari huanzia juu, kwenye kingo za milango, paa na maungio ya vioo. Kutu ya chumvi ya barabarani huanzia chini na kupanda, hivyo gari lenye bodi safi na uvungu uliochakaa limekueleza historia yake. Tazama nati za shokamzoba kama zimeliwa hadi kupoteza pembe. Tazama bomba za breki zinazopita juu ya ekseli ya nyuma, mahali tope linapokaa, maana bomba lililotoboka huko litakuangusha siku utakayokanyaga breki kwa nguvu. Kisha tazama kasha la giaboksi na la transfa (kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), ambayo ni ya aluminiamu: chumvi huyaachia madoa ya unga mweupe, na wauzaji wanaopaka rangi chasisi husahau kuyasafisha.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Yamezuka mazoea ya kupaka uvungu mzima lami nyeusi siku chache kabla ya gari kuonyeshwa mteja, na mteja huambiwa kwamba ni kinga aliyotiliwa kama hisani. Lami inayopakwa juu ya kutu hufungia unyevu na chumvi ndani, ikikauka hupasuka, na chini yake chuma huendelea kuoza bila mtu kuona. Lami mpya, laini, isiyo na vumbi la safari, ihesabiwe kuwa kasoro mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Wapo pia wanaokataa gari lisipandishwe juu ya shimo la gereji kwa madai kwamba foleni ya wateja ni ndefu, na wapo wanaoapa kwamba gari limetumika Nairobi tu na halijaona bahari, kana kwamba bahari ndiyo chumvi pekee duniani. Cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa nacho huchukuliwa kama dhamana, ilhali hakisemi kama chasisi itavumilia Pwani kwa miaka 10. Zaidi ya hayo, ushuru wa forodha hukokotolewa kwa kufuata bei ya orodha na umri wa gari, bila kujali hali ya uvungu, kwa hiyo aliyeagiza gari lililolala Hokkaido hulipa sawa na aliyeagiza la Kyushu, na gharama yote hiyo humwangukia mnunuzi wa mwisho ambaye hakuulizwa.

Katika kupanga magari yenyewe sitaficha kwamba mimi ni mtu wa Toyota, na namba moja kwangu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70. Ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na nyingi tulizo nazo ziliuzwa hapa nchini zikiwa mpya, nyingine zikiunganishwa Mombasa, kwa hiyo hazijawahi kukanyaga barabara yenye theluji. Zile zenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda 6, isiyo na tabo, hutengenezwa na fundi yeyote aliye makini kuanzia Malindi hadi Garsen, na spea zake hazitafutwi kwa tochi. Zinakuja sokoni mashirika na kampuni za utalii zinapouza magari yao ya zamani. Kagua kama chasisi imejaa mchanga wa ufukweni ndani, hasa kwa gari lililokuwa likivuta boti, kwa sababu mchanga huo nao una chumvi. Ni gari gumu, linarusha abiria, na bei yake inakera. Lakini bei hiyo unalipia chuma ambacho bado kipo.

Ya pili ni Prado, ile ya 120 iliyotoka kati ya mwaka 2002 na 2009, na ile ya 150 iliyofuata, kwa sharti moja tu kwamba imetoka katika mikoa ya joto ya Japani au ina historia inayosomeka. Udhaifu wake ni chasisi ya nyuma, pale inapojikunja kupita juu ya ekseli, na hapo ndipo bisibisi ya yule fundi ilipozama. Ninaipenda Toyota na bado nasema kwamba jina halizuii kutu. Kule Marekani kampuni hiyo ilirefusha mwaka 2008 dhamana ya fremu za pikapu zake za Tacoma za zamani, ikanunua tena zile zilizooza kupita kiasi, na mwaka 2016 ikakubali suluhu ya kesi iliyohusu fremu za Tacoma, Tundra na Sequoia. Kilichonivutia ni kwamba ilikubali kugharamia ukaguzi na kubadilisha fremu zilizooza, jambo ambalo sijaliona kwa muuzaji yeyote wa huku kwetu.

Suzuki Jimny ya umbo lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2018 naiweka ya tatu, na kwa anayeishi peke yake au anayekwenda Ngomeni kwenye mchanga mara kwa mara ningeipandisha. Ina chasisi yake kamili, ni nyepesi, na uvungu wake hukaguliwa kwa muda mfupi. Kasoro yake ni kwamba huko Japani hupendwa mno na watu wa milimani na wa theluji, kwa hiyo uwezekano wa kupata iliyolowa chumvi ni mkubwa. Inua kapeti miguuni pa dereva na ubonyeze sakafu kwa kidole gumba, kisha pitisha mkono chini ya vizingiti vya milango.

Land Rover huwaponza wengi kwa sababu sehemu kubwa ya bodi ya Defender ya zamani ni ya aluminiamu na haishiki kutu nyekundu, mnunuzi akadhani gari lote liko hivyo. Chasisi yake ni ya chuma, na mhimili wake wa nyuma kabisa, unaobeba ndoano ya kuvutia, huoza kwanza. Discovery 2, iliyotengenezwa kutoka 1998 hadi 2004, huoza nusu yote ya nyuma. Faraja iliyopo kwa Defender hiyo ya zamani, ambayo ilikoma kutengenezwa Januari 2016, ni kwamba Uingereza bado wanauza chasisi mpya zilizochovywa zinki. Gharama ya kuileta na kuhamishia gari lote juu yake ni ya mtu mwenye mapenzi makubwa. Pajero ya kuanzia 1999 ina fremu iliyounganishwa moja kwa moja na bodi, maana yake ikioza hakuna cha kubadilisha, na ndiyo sababu ninaiacha chini.

Kwa mwenye fedha kidogo ziko Forester na X-Trail. Hazina chasisi ya kujitegemea. Kwenye Forester tazama matao ya magurudumu ya nyuma na fremu ndogo inayoshika mikono ya springi. Zinatosha kwa barabara ya lami ya Kilifi, na sina zaidi la kusema.

Ukishanunua, fuata desturi ya wenye magari ya zamani nchini Kanada, ambao kila mwaka kabla ya theluji hupulizia mafuta ya kuzuia kutu ndani ya chasisi kupitia matundu yake, kwa kuwa mafuta hutambaa hadi kwenye maungio na hayafungii unyevu kama lami. Kwetu wakati wake ni Machi, kabla ya masika. Kwanza zibua matundu ya chini kwa waya na uoshe ndani mpaka maji yatoke safi, halafu acha gari likauke juani siku kadhaa. Maji yawe ya mfereji, yale yanayoletwa kutoka Baricho. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na waosha magari wengi hutumia hayo hayo, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Mara moja kwa mwezi ingiza 4x4 na uende mwendo mfupi kwenye mchanga au barabara ya vumbi, si kwenye lami, ili oili ifike kwenye transfa na vifungio vya magurudumu visigande. Bomba za breki zenye vipele vya kutu zibadilishwe zote kwa pamoja, ziwekwe za mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambazo chumvi haiziwezi, na fundi asikubaliwe kukata kipande kilichooza na kuunga kipya katikati.